Mitungi Thelathini ya Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kivivu hivyo? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa mtungi wenye maji, pakawa mtungi usio na maji, na katikati yake pakawa mtu anayeangalia vidole vyake vya miguu. Haya, sogezeni hizo kuni, mkae vizuri. Hadithi ya leo mtaicheka mwanzoni. Mimi pia nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza. Kisha nikanyamaza.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakigombania bei kwenye gulio moja, alikuwepo mwanamke mfinyanzi, jina lake Nakijwa. Alikaa upande wa mlima unaotazama bonde, yeye na mumewe Semvua, na mtoto wao mchanga Mbelwa.

Nakijwa alijua kufinyanga. Alijifunza kwa mama yake, na mama yake alijifunza kwa mama yake. Akiketi na udongo wake, na gunzi lake la muhindi la kutilia nakshi, na jiwe lake la kusugulia, mtungi ulikuwa unainuka kama vile ulikuwemo ndani ya udongo siku zote ukingoja kuitwa. Maji yakikaa ndani yake mchana kutwa, ukiyanywa meno yanakufa ganzi kwa ubaridi.

Lakini kufinyanga ni jambo moja na kuuza ni jambo lingine.

Nakijwa alikuwa na kichwa kimoja, kwa hiyo alibeba mtungi mmoja kichwani na mmoja mgongoni, akashuka nayo hadi gulioni. Mitungi miwili kwa safari moja, siku moja ya gulio kwa wiki. Akifika anakaa chini juani, pembeni kabisa, karibu na Mama Nungunungu aliyekuwa akiuza ugoro. Penye kivuli hapakuwa pao. Kivulini vilipigwa vigingi, na kila kigingi kilichongwa alama ya mwenyewe.

Siku moja Nakijwa alimwendea Nyani, mkuu wa gulio.

"Shikamoo, mkuu wa gulio."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Naomba nipigiwe kigingi changu kivulini."

Nyani akajikuna mbavu. "Mwanamke hapigiwi kigingi. Leo upo, kesho umejifungua, keshokutwa umeolewa kwingine. Lete mwanamume."

Akarudi nyumbani. Gulio la pili akaenda tena. "Mkuu, naomba kigingi."

"Lete mwanamume."

Gulio la tatu akaenda. Kabla hajafungua mdomo Nyani akasema, "Lete mwanamume!"

Basi Nakijwa akamwambia mumewe. Na Semvua, msimwone mbaya, alikuwa mume mzuri. Alikuwa hapigi, hatukani, na mkewe akichelewa gulioni alimbembeleza mtoto mpaka amelala. Akasema, "Hilo tu? Twende." Akaenda akasimama mbele ya Nyani, kigingi kikapigwa siku hiyo hiyo, kikachongwa alama ya Semvua. Akamwendea na Punda, ambaye Nakijwa alikuwa amemwomba mwaka mzima ambebee mitungi naye akikataa, akisema yeye huzungumza na mwenye nyumba tu. Semvua alipomwomba, Punda akasema, "Kumbe ni mizigo yako! Ungesema mapema."

Mnacheka? Chekeni. Nakijwa hakucheka, lakini pia hakulalamika. Alikuwa na kivuli, na alikuwa na punda. Mitungi miwili ikawa sita, sita ikawa kumi. Watu wa ng'ambo ya bonde wakaanza kuulizia: yuko wapi yule mwenye mitungi inayopoza? Akija Semvua gulioni, walimpa yeye mkono wa pongezi.

Ndipo akaja Bi Kanga.

Huyu ni kanga ndege, mwenye madoa, si kanga ya kuvaa. Bi Kanga alikuwa kiongozi wa ukoo mkubwa, mama na mashangazi na vifaranga wasiohesabika, wakikaa kule tambarare kusikokuwa na chemchemi. Alikuja na shingo yake ndefu, akazunguka mtungi mmoja mara tatu, akaudonoa, akasikiliza mlio wake.

"Mwanangu, huu umeufinyanga wewe?"

"Mimi, bibi."

"Kiangazi kinakuja. Kijito chetu kikikauka hatuna pengine. Nataka mitungi thelathini kabla hakijakauka, nijaze maji ya kututosha mpaka mvua. Utaweza?"

Nakijwa akautazama mtungi wake, akamtazama Bi Kanga. Mitungi thelathini kwa mtu mmoja! Hajapata kusikia.

"Nitaweza, bibi."

"Ikikaa vizuri," Bi Kanga akasema, "nitakupeleka mwenyewe kwenye gulio kubwa la tambarare. Kule mitungi hakuna. Utauza mpaka uchoke."

Nakijwa alirudi nyumbani akipanda mlima kama anayeshuka. Lakini alipofika alimkuta Mbelwa ana homa, hataki kushuka mgongoni. Na maji yalikuwa hayajatekwa, na mahindi hayajatwangwa, na kuni za kuchomea mitungi thelathini hazijakatwa, na udongo haujachimbwa. Akakaa mlangoni akahesabu siku kwa vidole. Hazikutosha.

"Baba Mbelwa," akasema, "nakuomba jambo. Nichimbie udongo. Vikapu ishirini tu. Mengine yote nitayafanya mimi."

Kuchimba udongo wa mfinyanzi ilikuwa kazi ya wanawake. Hakuna mwanamume mlimani pale aliyepata kuonekana na kikapu cha udongo.

"Nitachimba," Semvua akasema.

"Unapajua mahali? Pale bondeni, kwenye machimbo ya mama yangu. Usichimbe kwenye korongo la nyuma, ingawa ni karibu. Udongo wa kule una chembe nyeupe, ni chokaa. Ukiufinyanga unakubali. Ukiuchoma unakubali. Kisha baada ya siku chache chembe zinakunywa maji, zinavimba, na mtungi unapasuka. Udongo ule unadanganya."

"Nimesikia, mama Mbelwa."

Kesho yake asubuhi Semvua alichukua jembe na kikapu akashuka. Kwenda bondeni lazima upite njia panda, na njia panda ndipo wanaume walipokuwa wakicheza bao. Pale alikaa Nguchiro, mwenye maneno mengi kuliko kete za bao lake.

"He!" Nguchiro akasema. "Jamani, tazameni, mume wa mitungi anapita!"

Wakacheka. Semvua naye akacheka kidogo, akapita. Akachimba, akarudi na kikapu mgongoni, udongo mbichi ukimchuruzika mpaka kwenye visigino.

Safari ya pili, Nguchiro alisimama. "Mume wa mitungi, umeolewa lini? Mbona hatukualikwa?"

Wakacheka. Mara hii Semvua hakucheka.

Safari ya tatu, Nguchiro alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, ameweka kata, na juu ya kata ameweka boga. Akatembea mbele ya Semvua akikatika kiuno, huku wanaume wanapiga makofi. Akiwemo mjomba wake Semvua. Huyo ndiye aliyemuuma. Wengine wangecheka mpaka wakafa, lakini mjomba wake aliyemfundisha kuwinda alikuwa amejishika tumbo, machozi yanamtoka.

Semvua aliangalia vidole vyake vya miguu akapita.

Safari ya nne alifika karibu na njia panda akasikia sauti zao kabla hajawaona. Akasimama. Akasikiliza. Kisha akageuka, akafuata kijia cha mbuzi, akateremka kwenye korongo la nyuma.

Kule hapakuwa na mtu. Akachimba. Udongo ulikuwa laini, mzuri kwa macho, lakini ndani yake aliziona: chembe nyeupe, ndogo ndogo kama punje za mtama. Akayakumbuka maneno ya mkewe neno kwa neno. Akaanza kuokota chembe moja moja na kuzitupa. Aliokota, akaokota, akaona haziishi. Akachukua jiwe akaziponda ponda mpaka zikapotea machoni, akalowesha udongo kwa maji ili rangi yake ifanane na wa bondeni. Akajiambia, zimeisha. Akajiambia, kidogo namna hii hakiwezi kudhuru. Alijiambia mambo mengi pale korongoni, na hakuna aliyekuwepo wa kumbishia.

Vikapu vitatu vilitoka bondeni. Kumi na saba vilitoka korongoni.

Nakijwa alipoanza kuukanda ule udongo, mtoto analia mgongoni na chungu kinafurika jikoni, aliinua tonge moja akaliangalia kwenye mwanga.

"Baba Mbelwa, udongo huu umechimba wapi?"

"Pale pale pa siku zote."

"Mbona kama umepauka?"

"Ni jua tu."

Akaendelea kukanda. Mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka mitano, kwa nini asimwamini? Akafinyanga mchana, akafinyanga jioni, akitoka hapo kwenda kutwanga na kurudi, mpaka mitungi thelathini na michache ya ziada ikakaa uani imepangwa, inakauka. Siku ya kuchoma ilipofika, kuni zimepangwa, nyasi na mavi ya ng'ombe yamefunikwa juu, Nakijwa alipitisha kiganja chake kwenye tumbo la mtungi mmoja. Akahisi kitu kama mchanga.

"Baba Mbelwa, udongo huu ulichimba wapi?"

Bado ulikuwa wakati. Mitungi mibichi unaweza kuivunja, ukaanza upya; Bi Kanga angengoja siku chache. Semvua alilijua hilo. Alifungua mdomo, na akamwona Nguchiro na boga lake kichwani.

"Pale pale pa siku zote," akasema.

Nakijwa akawasha moto.

Ilitoka mizuri. Ilitoka myekundu kama jua linapochomoza, yote, hata mmoja haukupata ufa. Bi Kanga alipoiona alipiga ukelele wake ule wa kanga, na jamaa zake wakaitikia mpaka mlima ukarudisha sauti. Wakabeba thelathini yao. Wakaijaza maji ya mwisho ya kijito. Siku ya pili kijito kikakauka, wakasema, hatuna wasiwasi, tunayo mitungi ya Nakijwa. Ile michache iliyozidi Nakijwa aliiuza gulioni kwa wengine.

Siku ya nane, mchana wa jua kali, mtungi mmoja wa Bi Kanga ukasema pa!

Wakaukimbilia. Maji yalikwisha kunywewa na vumbi. Walipokuwa bado wanashangaa, wa pili ukasema pa! Wa tatu ukasema pa! Siku hiyo ilipasuka sita. Kesho yake ilipasuka kumi na moja, na keshokutwa yake iliyobaki yote. Kanga wazima walilamba vigae. Vifaranga hawakujua kulamba vigae. Watatu hawakuamka.

Gulio lililofuata Bi Kanga alikuja hana kishindo. Alikuja na kigae kimoja mdomoni, akakiweka miguuni pa Nakijwa.

"Mwanangu," akasema, "nilikukosea nini?"

Nakijwa akaangalia kigae, akaangalia uso wa Bi Kanga. Hakuelewa. Ndipo wakaja wengine. Paa mke akaja na kigae chake, akakitupa. Mama Nungunungu, jirani yake wa juani, akaja na chake, akakitupa. Kila aliyenunua akaja, na wasionunua wakaja pia. Hapa niwaambie jambo ambalo kwetu husemwa kwa sauti ya chini: bibi wa bibi yangu alikuwepo gulioni siku ile. Naye alitupa kigae. Tena hakikuwa cha mtungi wa Nakijwa. Kilikuwa cha chungu chake cha zamani alichokiangusha mwenyewe. Alikitupa kwa sababu wote walikuwa wanatupa.

Nakijwa akapiga magoti. Alikwenda kwa magoti kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, mtoto mgongoni. "Nisamehe. Sijui imekuwaje. Nisamehe." Na Semvua alikuwa nyuma yake, amesimama kando ya kigingi chenye alama yake, mikono inaning'inia.

Katika kuokota vigae, Nakijwa alikigeuza kimoja. Mahali kilipomeguka palikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo kitone cheupe, cheupe kama maziwa ya mama. Akakigusa kwa kidole. Kikawa unga.

Akainuka taratibu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba Mbelwa," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa karibu ya kubembeleza. "Udongo huu ulichimba wapi?"

Wote wakamgeukia Semvua. Bi Kanga alimgeukia. Nyani alimgeukia. Kule nyuma, juu ya gogo, Nguchiro alikuwa amenyoosha shingo, na mjomba wake Semvua alikuwa kando yake.

Semvua akasema, "Pale pale pa siku zote."

Nakijwa akamtazama. Alimtazama kwa muda ambao chungu kingeweza kuchemka. Kisha akasema kwa watu wote, "Basi ni mikono yangu." Akakiweka kile kigae ndani ya kanga yake, akafunga fundo, akaondoka.

Nyani alifuta nafasi yao hapo hapo. Alisema gulio lake halitaki mwanamke wa kuua vifaranga.

Kuanzia siku hiyo Nakijwa hakufinyanga tena. Jiwe la kusugulia alilitumia kuzuilia mlango. Gunzi alilitia motoni. Alitwanga, akapika, akateka maji, akamnyonyesha mtoto, na chakula cha mumewe alikiweka mbele yake kwa mikono miwili kama siku zote. Hakumwuliza tena. Semvua alingoja aulizwe mara ya nne. Alikwisha panga maneno. Hakuulizwa.

Alipopita njia panda, Nguchiro alimsogezea kigoda.

"Karibu, Semvua! Kaa. Sasa mambo yamekaa sawa, mke yuko nyumbani. Mpeni kete, jamani."

Mjomba wake akampiga bega. "Sasa umekuwa mtu."

Semvua akakaa. Walimpa kete, walimpa na pombe ya miwa. Hakuna aliyemcheka. Wakati ule wa vikapu, hicho ndicho alichokuwa akikitaka kuliko kitu chochote: apite njia panda asichekwe. Na alipokuwa pale, ameshika kete za Nguchiro, uso ukaanza kumuwaka moto. Ulimuwaka masikio, ukamuwaka shingo, ukateremka mpaka kwenye viganja, kete zikaloa jasho. Alipochekwa na kikapu mgongoni alikuwa hajafanya kosa lolote. Leo anakaribishwa, na amefanya. Akaweka kete chini akaondoka bila kuaga.

Siku ya gulio, gulio limejaa, alipanda juu ya jiwe ambalo Nyani hutangazia ushuru. Nakijwa alikuwa amekuja kununua chumvi. Alikuwa anapita pembeni, amejifunika kichwa ili asitambuliwe.

"Mimi..." Semvua akasema, sauti ikakauka.

"Mimi nilikuwa..." akasema, akakohoa.

Mara ya tatu ikatoka. "Ni mimi! Mke wangu hana kosa. Aliniambia nisichimbe korongoni, nikachimba korongoni. Aliniuliza mara tatu, nikamdanganya mara tatu. Sikutaka kupita njia panda. Niliona haya kuchekwa na Nguchiro. Basi. Hakuna kingine. Niliona haya kuchekwa."

Nguchiro alitazama huku na huku akateremka kwenye gogo lake.

Bi Kanga akasogea mpaka chini ya jiwe. "Walikuwa na majina," akasema. "Mmoja Kororo. Mmoja Madoa. Wa tatu tulikuwa hatujampa bado. Ungechekwa kidogo tu, baba, wangekunywa maji."

Semvua akateremka akapiga magoti. "Nikupe nini, bibi? Mbuzi ninao..."

"Sitaki mbuzi wako. Kijito kimekauka. Chukua kibuyu ukateke maji mlimani, uyalete tambarare. Kesho pia. Na kila kiangazi, mpaka miguu yako ikatae."

"Nitaleta."

Akageuka kumtafuta mkewe. Nakijwa alikuwa amejifunua kichwa. Msidhani alikuwa anatabasamu.

"Umewaambia wao kabla yangu," akasema.

"Mama Mbelwa..."

"Nilikuuliza nyumbani, tukiwa wawili. Nilikuuliza uani, tukiwa wawili. Na hapa gulioni nilikwisha jua, nilikiona kitone kwa macho yangu. Nilikuwa nakupa nafasi. Tangu siku ile nimekuwa nikikungoja kila nikikuwekea chakula." Akafungua fundo la kanga yake, akamwekea kile kigae kiganjani. Kisha akawageukia watu. "Na nyinyi nisikilizeni. Kigingi kilikuwa cha Semvua. Punda alikuwa wa Semvua. Mitungi ilipokuwa mizima, mlikuja kwa Semvua mkampa mkono. Ilipopasuka, mkalikumbuka jina langu."

Wanawake wakainamisha vichwa. Mama Nungunungu alilaza miiba yake yote mpaka akaonekana mdogo.

Semvua akamwendea Nyani. "Kile kigingi turudishie, ufute alama yangu. Chonga yake."

"Haiwezekani," Nyani akasema. "Mwanamke hapigiwi kigingi."

Ndipo Mama Nungunungu akainua kikapu chake cha ugoro. "Basi mimi ushuru sitoi."

Paa mke akasema, "Na mimi sitoi."

Bi Kanga akasema, "Na ukoo wangu wote hautoi. Wala hatuji."

Bibi wa bibi yangu naye alisema. Alisema kwa sauti kubwa kupita wote, na sisi tunajua kwa nini.

Nyani akaangalia kikapu chake cha ushuru. Mle ndani mlikuwa na maharage machache. Akajikuna mbavu. "Kwani," akasema, "nani aliyewahi kusema wanawake hawapigiwi vigingi?" Aliuliza hivyo hivyo, kwa mdomo ule ule.

Kikapigwa kigingi cha Nakijwa, na vya wengine vikafuata. Punda naye alikuja kuomba kazi, akaambiwa angoje. Alingoja mwezi mzima.

Lakini mitungi haikuuzika mara moja, msidanganyike. Msimu ule Nakijwa aliuza vikombe na vijungu vidogo tu. Mnunuzi alikuwa anachukua chombo, anakijaza maji, anakiweka siku kumi na mbili, ndipo analipa. Nakijwa aliwakubalia. Mwaka wa pili walilipa baada ya siku tatu. Mwaka wa tatu Bi Kanga akatuma ujumbe: niletee mitungi, uje nayo mwenyewe, nikupeleke gulio la tambarare. Nakijwa alikwenda. Akawa na wasichana wanne wa kumkandia udongo, kisha tisa, na mitungi yake ikafika mahali ambako lugha yake haikufika.

Na udongo? Udongo alichimba Semvua. Asubuhi alipeleka maji tambarare kama ni kiangazi, mchana alipita njia panda na kikapu. Walimcheka, kisha wakachoka.

Kila kikapu alichokileta, Nakijwa alikimwaga juu ya mkeka mbele yake. Akapiga goti, akakichambua konzi kwa konzi, akivunja kila bonge kwa kucha, akitafuta weupe. Hakumgombeza. Hakusema neno. Na Semvua hakuondoka. Alisimama pale pale, jua linampiga utosini, mpaka amalize. Mwaka wa kwanza alichambua. Mwaka wa pili alichambua. Mwaka wa tatu, wakati mitungi yake inasifiwa nchi nzima, na nyumbani wanakula sahani moja na kucheka pamoja, na mtoto wa pili amezaliwa, alichambua. Semvua alikuwa akisimama mbele ya ule mkeka, anakuwa kama mtu aliyevuliwa nguo.

Mtaniuliza kama siku moja aliacha. Nami nilimwuliza hivyo hivyo bibi yangu. Aliniambia, "Wakati natolewa nyumbani kuolewa, hadithi ilikuwa bado haijafika hapo."

Basi na mimi naiacha alipoiacha yeye. Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye masikio ameipata, na aliyesinzia amwulize jirani yake.